Ringi tatu za juu za fimbo yangu ya kuvulia zimeota kutu, za chini zinang'aa: nifunge za titani?

#1 Mwana wa Bangwe
Wakuu habari zenu. Nina fimbo ya kuvulia ya futi 8, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Miaka minne nimeitumia hapa Kigoma, kwenye mawe ya Bangwe na Katonga, kwa samaki kuhe na sangala wadogo, haijawahi kunisumbua. Mwaka huu nikapelekwa kikazi Tanga miezi miwili, nikaibeba. Jioni narusha kutoka ufukweni, Jumapili natoka na ngalawa za wenyeji.

Nimerudi wiki iliyopita. Leo naitoa kwenye mfuko wake naona ringi tatu za juu (hizi za kupitishia mshipi), pamoja na ile ya nchani kabisa, zimeota kutu miguuni. Ukahawia umetoka chini ya epoksi, ile gundi inayofunika miguu ya ringi, ukachora mstari kwenye fito, yaani mti wenyewe wa fimbo. Ringi nne za chini zinang'aa kama siku niliyoinunua. Fimbo ni moja na bahari ni ile ile. Kwa nini za juu tu?

La pili, Tanga nilikatikiwa mara mbili na samaki mkubwa, nahisi kolekole. Natumia mshipi wa kusuka.

Desemba natakiwa Pemba. Nimeshauriwa nifumue ringi zote nifunge za fremu ya titani (metali nyepesi) zenye pete ya ndani ya silikoni kabaidi (seramiki ngumu). Nimeulizia bei: pesa ya ringi moja inanunua seti nzima ya zile za kawaida. Nijitose? Hii fimbo naipenda, sitaki kuiharibu.

#2 Jirani wa Gungu
Nafuatilia. Ninayo ya namna hiyo hiyo.

#3 Fundi Fito Ujiji
Mkuu, tuanze na jina la chuma cha ringi hizi. Stenlesi siyo chuma kisichoweza kushika kutu. Ndani yake kuna kromu, na kromu ikikutana na hewa inatengeneza ngozi nyembamba mno juu ya chuma. Ngozi hiyo ikikwaruzika inajiponya yenyewe, mradi oksijeni ipo.

Sasa angalia mguu wa ringi. Umelazwa kwenye fito, umezungushiwa uzi, umemwagiwa epoksi. Epoksi ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, maji ya chumvi yanaingia na hayana pa kutokea. Oksijeni mle ndani inakwisha, ngozi inashindwa kujiponya, chumvi inatafuna. Ndiyo maana kutu yako imeanzia miguuni na siyo kwenye sehemu iliyo wazi.

Na ringi za juu ndizo zinazokunjwa na fito. Kila ukirusha, kila samaki akivuta, epoksi ya juu inapinda. Ya chini imekaa mahali pagumu, haiguswi. Naamini nyufa ulikuwa nazo tangu hapa Kigoma, ila maji ya ziwa letu Tanganyika hayana hata gramu moja ya chumvi kwenye lita, na bahari ina gramu kama 35. Mlango ulikuwa wazi siku nyingi, mwizi ndiye hakuwa amefika.

#4 Kijana wa Mwanga
Fundi heshima yako, lakini umezunguka mbali. Hizo za juu siyo stenlesi, ni chuma kilichopakwa kromu. Mkuu chukua sumaku. Stenlesi halisi haishiki sumaku.

#5 Mwana wa Bangwe
Nimevunja spika mbovu nikapata sumaku. Za juu zinavutwa kidogo. Za chini haziitikii kabisa.

#6 Kijana wa Mwanga
Basi. Aliyekuuzia alibadilisha za juu akaweka za bei poa.

#7 Fundi Fito Ujiji
Kijana, usihukumu kwa sumaku peke yake. Stenlesi ya kawaida, ile wanayoiita 304, yenye kromu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ikikunjwa ikiwa baridi kiwandani inaanza kuvutwa na sumaku kidogo. Ringi ndogo za juu zinakunjwa kona kali. Kuvutwa kidogo hakuthibitishi kuwa ni feki. Ingekuwa chuma cha kawaida sumaku ingeganda kama ruba.

Swali la maana ni kama ni 304 au 316. Ile 316 imeongezewa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoisaidia kuvumilia chumvi. Kwa macho hazitofautiani.

#8 Mama Migebuka Kibirizi
Wanangu, mimi sijui fimbo, najua chumvi. Samaki wa migebuka nawatia chumvi ya Uvinza mwaka wa kumi na ngapi sijui. Hiyo chumvi ukiiweka stoo inavuta unyevu wa hewa, gunia linatoa jasho lenyewe hata mvua haijanyesha. Misumari ya ukuta wangu upande wa magunia imekwisha, upande wa pili misumari ile ile bado mizima. Hebu sema fimbo ulikuwa unaiweka wapi kabla ya Tanga.

#9 Mwana wa Bangwe
Shikamoo mama. Umenigusa. Ilikaa stoo ya bibi Ujiji karibu miezi mitatu, imelazwa juu kwenye kenchi. Bibi naye anaweka chumvi. Nimempigia sasa hivi, anasema magunia yalikuwa upande wa dirishani, na nchani ya fimbo ndiyo ilielekea dirishani.

#10 Mama Migebuka Kibirizi
Marahaba mwanangu. Basi unaona. Mnasingizia bahari ya watu.

#11 Jirani wa Gungu
Duh, mama kafunga kesi.

#12 Mvuvi wa Pangani
Salaam kutoka pwani. Hajafunga bado. Kaka, ulikuwa unaosha vipi ukitoka baharini?

#13 Mwana wa Bangwe
Nafuta kwa kitambaa chenye maji kisha naianika kibarazani.

#14 Mvuvi wa Pangani
Hapo ndipo. Nyie watu wa ziwa mmezoea ukitoka majini fimbo imeshajiosha yenyewe. Kwetu kitambaa kinasambaza chumvi tu. Kinapita juu, hakifiki pale fremu inapoishika pete wala kwenye kona ya mguu. Halafu ukaianika! Maji yakaruka, chumvi ikabaki punje punje, usiku umande ukaiyeyusha ikaingia ndani zaidi.

Mimi nina fimbo ya ringi za stenlesi nzuri na pete za aluminiamu oksaidi, zile za kawaida kabisa, mwaka wa sita huu kwenye maji ya Pangani. Kila siku nikirudi natia maji baridi ya bomba kwenye kopo, namimina taratibu kutoka nchani kushuka, ringi moja moja, nageuza, namimina tena. Simwagi kwa mpira wenye nguvu maana unasukuma chumvi ndani. Kisha nasimamisha kivulini. Sina titani na sijaona kutu.

Kuhusu za juu tu: mshipi wa kusuka unabeba maji. Unapoingia kwenye ringi ya nchani unakunjwa, unakamuliwa. Ringi ya kwanza, ya pili, ya tatu zinapata maji yote. Ukifika chini umeshakauka nusu.

#15 Mwalimu wa Kasulu
Kuna jambo hamjaligusa. Je, fito ni ya kaboni au faibaglasi? Fito nyingine sehemu ya juu ni kaboni na ya chini imechanganywa na faibaglasi. Kaboni inapitisha umeme. Ikigusana na metali ndani ya maji ya chumvi inakuwa kama betri ndogo, na metali ndiyo inayoliwa. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo haina tatizo hilo.

#16 Fundi Fito Ujiji
Mwalimu, hoja ni ya kweli ila umeipa uzito mkubwa. Kaboni inaila sana aluminiamu. Stenlesi yenye ngozi nzima inakaa na kaboni bila ugomvi mkubwa. Ikishapoteza ngozi ndani ya ufa, hapo sawa, kaboni inaweza kuongeza kasi. Bado tunarudi kwenye ufa wa epoksi.

#17 Mwalimu wa Kasulu
Nakubali kuhusu aluminiamu. Sijakubali kuwa kaboni haihusiki.

#18 Fundi Fito Ujiji
Tuache kutu kidogo, tuangalie kukatikiwa. Mwana wa Bangwe, chukua kijiti cha pamba ya masikio. Kiingize kwenye kila pete, kizungushe polepole mzunguko mzima, ukisukuma pamba iguse kingo zote za ndani. Pete nzima pamba inateleza. Penye ufa, nyuzi za pamba zitanasa. Anzia nchani.

#19 Mwana wa Bangwe
Nimefanya mchana huu kwenye mwanga wa mlango. Ringi sita zote za chini yake pamba imeteleza. Ya nchani, nilipofika upande wa kulia chini, ikanasa. Nilipoivuta kikabaki kiuzi kimoja cheupe kimening'inia kwenye pete. Nikaweka tochi ya simu nyuma yake nikasogeza jicho: kuna mstari mweusi umekatiza pete, mwembamba kuliko uzi wa buibui. Kwa macho ya kawaida nisingeuona hata mwaka mzima. Nikapitisha mshipi hapo mara kumi nikiuvuta kwa mkono, ukatoka na manyoya.

Nimeumia. Wale samaki wawili walikuwa wangu.

#20 Kijana wa Mwanga
Mshipi wa kusuka huo unakata pete. Ndiyo maana wanakuambia silikoni kabaidi.

#21 Fundi Fito Ujiji
Mshipi haupasui pete. Ringi za zamani za waya mtupu uliopakwa kromu, hizo kweli mshipi wa kusuka unazichimba mfereji. Pete ya seramiki nzima, hata hii ya aluminiamu oksaidi, inauhimili. Ufa unatokana na kugongwa: fimbo imeanguka kwenye mawe, au umevuta mpaka kile chuma cha kuunganishia kikagonga nchani. Au mzigo umepangwa juu yake safarini.

#22 Mvuvi wa Pangani
Ongeza mchanga. Ukirusha kutoka ufukweni mshipi ukalala mchangani, unarudi na punje ndogo, unakuwa msasa. Na tusisahau mwamba, kaka. Kolekole akishajua amenaswa anakimbilia mwambani moja kwa moja. Ulikatikia wapi, karibu na fimbo au mbali?

#23 Mwana wa Bangwe
Mara ya kwanza mbali. Mara ya pili karibu, kama pima moja kutoka nchani.

#24 Mvuvi wa Pangani
Basi wa kwanza ni wa mwamba, wa pili ni wa pete yako.

#25 Mzee wa Katonga
Nimesoma yote kwa utulivu. Vijana, mshipi wa mkono hauna ringi, hauna epoksi, hauna sumaku. Baba yangu alivua sangala kwenye kina ambacho hiyo mashine yenu ya kukunjia mshipi ingemaliza mshipi wote. Ziwa hili linafika mita 1,470. Mshipi ukiwa kidoleni unamsikia samaki akifikiria, unajua kabla hajameza. Fimbo inakuficha hilo. Siwakatazi, nawaambia mnachokipoteza.

#26 Mwana wa Bangwe
Shikamoo mzee. Nilianza na mshipi wa mkono kwa mjomba, alama za vidole ninazo mpaka leo. Ila kutoka kwenye mawe siwezi kurusha mbali kwa mkono.

#27 Mzee wa Katonga
Marahaba. Panda mtumbwi.

#28 Igombe Tabora
Mimi navua bwawa la Igombe, sina ziwa wala bahari, lakini nimejifunza kufunga ringi. Ile miezi mitatu ya 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 mpaka Agosti 15, rafiki yangu wa Kigoma aliniletea fimbo zake nne nizifanyie kazi. Naomba nichangie kuhusu vifaa.

Mkuu tenganisha vitu viwili, watu wanavichanganya. Fremu ni ile inayosimama, pete ndiyo inayoguswa na mshipi. Titani ni habari ya fremu. Silikoni kabaidi ni habari ya pete. Unaweza kupata pete ya silikoni kabaidi kwenye fremu ya stenlesi, na bei inashuka sana.

Fremu ya titani faida yake baharini ni hiyo kwamba chumvi haiiwezi, na ni nyepesi, karibu nusu ya stenlesi kwa ujazo ule ule. Wepesi huo unaonekana nchani, fimbo inarudi haraka baada ya kurusha. Chini karibu na mkono huwezi kuuhisi.

Pete: aluminiamu oksaidi ni ngumu ya kutosha kwa mtu wa kawaida. Kampuni ya Fuji ya Japani ina ngazi zake, juu ya hiyo kuna Alconite, kisha silikoni kabaidi, kisha Torzite. Silikoni kabaidi ni ngumu zaidi, inang'arishwa laini zaidi, na inatawanya joto la msuguano haraka.

#29 Kijana wa Mwanga
Kwa hiyo ni imara zaidi. Nilisema.

#30 Igombe Tabora
Ngumu na imara siyo kitu kimoja ndugu yangu. Kioo ni kigumu kuliko plastiki, kidondoshe uone. Aliyepasua pete kwa kugonga atapasua na ya silikoni kabaidi vile vile, tena ya bei mbaya.

#31 Jirani wa Gungu
Na ringi za rola? Niliona picha za wavuvi wa sulisuli, ringi zina magurudumu.

#32 Mvuvi wa Pangani
Hizo ni za fimbo fupi nene za kukokota nyuma ya boti, mshipi mzito, samaki wa kupigana naye saa nzima. AFTCO wa Marekani ndio wenye jina kwenye hizo. Zinataka kufunguliwa na kutiwa grisi. Rola ikiganda kwa chumvi haizunguki, mshipi unasuguliwa sehemu moja mpaka unakatika. Na mshipi wa kusuka mwembamba unaweza kuchomoka ukaingia pembeni kati ya rola na fremu. Kwa kurusha hazifai kabisa.

#33 Jirani wa Gungu
Asante, nimezifuta kichwani.

#34 Mwana wa Bangwe
Igombe, nikifunga mpya, ringi ya kwanza karibu na mashine iwe namba ngapi? Sasa ina 25. Nimepima ndani kwa rula napata pungufu.

#35 Igombe Tabora
Namba hiyo kwa ringi za Fuji ni kipenyo cha nje cha pete kwa milimita, siyo cha ndani, kwa hiyo hujakosea. Kama mashine yako ni kubwa nenda 30, mshipi unatoka kwenye bobini kwa mizunguko mipana, ringi ya kwanza ndiyo inayoutuliza. Ya miguu miwili chini, za mguu mmoja juu ni sawa kwa fimbo ya kurusha.

Usinakili nafasi za zamani. Zishike kwanza kwa mpira wa kufungia pesa. Funga fimbo kwenye dirisha, pitisha mshipi, ning'iniza dumu la lita tatu la maji. Angalia mshipi unavyofuata mpindo. Mahali unapokata kona kali kati ya ringi mbili, sogeza au ongeza moja. Mimi hutumia nusu siku hapo, na hapo ndipo fimbo inapozaliwa upya.

Ya nchani ibandike kwa gundi ya kuyeyuka kwa joto, siyo epoksi. Ikipasuka tena ukiwa Pemba, unapasha kwa kibiriti cha gesi kwa uangalifu, unachomoa, unaweka nyingine dakika hiyo hiyo. Beba mbili za akiba.

#36 Fundi Fito Ujiji
Hapa naungana na Tabora. Ushauri wangu: titani nchani na tatu za juu, chini weka stenlesi ya 316. Pesa itatosha.

#37 Mvuvi wa Pangani
Na mimi nasema stenlesi nzima na kopo la maji. Pesa inayobaki nunua mshipi mzuri.

#38 Mwalimu wa Kasulu
Kabla ya kununua, fumua moja uone ndani. Tumebishana siku tatu na hakuna aliyeangalia.

#39 Mwana wa Bangwe
Nimefumua ya tatu kutoka juu. Nimepasha epoksi kwa maji moto, nikapitisha wembe juu ya mguu wa ringi, siyo juu ya fito, ikatoka kama ganda la yai. Chini ya mguu kuna unga wa kahawia, na ulikuwa na unyevu mpaka leo. Epoksi ilikuwa na ufa kuzunguka ncha ya mguu, Fundi yuko sahihi hapo.

Lakini uzi uliofungia ni wa buluu iliyoiva. Nikaenda kwenye ringi ya chini nikakwangua kidogo: uzi mweusi. Nje zote zinaonekana nyeusi.

#40 Kijana wa Mwanga
ZILIBADILISHWA. Asanteni.

#41 Fundi Fito Ujiji
Zilibadilishwa, sawa. Na aliyezibadilisha alimwaga epoksi vibaya ikapasuka. Ringi zenyewe huenda hazina kosa.

#42 Mama Migebuka Kibirizi
Na huo unyevu mpaka leo? Wiki nzima tangu atoke Tanga, kiangazi hiki? Chumvi hiyo inavuta maji. Miezi mitatu juu ya magunia si mchezo.

#43 Mwalimu wa Kasulu
Fito hapo chini ya ringi ni nyeusi ya kaboni au ina rangi ya njano njano?

#44 Mwana wa Bangwe
Nyeusi tupu mwalimu. Ya chini sijafika kwenye fito yenyewe.

#45 Mvuvi wa Pangani
Kaka, mshipi uliokuwa nao Tanga bado uko kwenye mashine?

#46 Mwana wa Bangwe
Ndiyo, sijaubadilisha wala kuuosha.

#47 Mvuvi wa Pangani
Vuta kama mita ishirini za mshipi, uziache, uguse ulimi kwenye mshipi wa ndani.

#48 Mwana wa Bangwe
Nimeosha mikono kwanza kwa sabuni ili nisijidanganye. Una chumvi. Kali kabisa, kama nimelamba dagaa wa kukaangwa. Na jana jioni nilikuwa nimeenda nayo Bangwe kuijaribu nikarusha kama mara tano.

#49 Mvuvi wa Pangani
Basi hiyo jana umezipaka ringi chumvi tena. Vua bobini peke yake, usizamishe mashine, iweke kwenye beseni la maji baridi usiku kucha. Asubuhi mwaga, weka mengine. Ukionja mara ya tatu bado ina chumvi, tuambie.